Madirisha ya vioo viwili kwa nyumba ya Sahare: ninunue, au pesa niipeleke kwingine?

MamaShemsa_Sahare

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Tanga na mlio mbali.

Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Nyumba yangu iko Sahare, bahari naisikia kutoka uani. Tuliijenga kidogo kidogo na marehemu mume wangu: tofali za saruji, paa la bati, dari ya mbao nyembamba. Madirisha tulianza na luva, baadaye tukang'oa na kuweka alumini ya kusukuma kama majirani. Sasa alumini yenyewe imechoka. Vigurudumu vimeliwa na chumvi, dirisha moja halisogei mpaka ulinyanyue kwa mikono miwili, na skurubu zimetoa kutu linalochirizika ukutani mpaka rangi imeharibika.

Lakini kinachonisukuma kuandika ni joto. Mama yangu mzazi nimemleta kutoka Muheza, ana presha, na chumba nilichompa kinatazama magharibi, madirisha mawili ya mita moja na nusu kwa mita moja na sentimita ishirini. Kuanzia Desemba mpaka masika yaingie, ikifika saa tisa alasiri jua linamfuata mpaka kitandani. Godoro linashika moto. Nikiwasha AC wakati wa magharibi, inahangaika mpaka saa nne za usiku ndipo chumba kinakalika, na umeme wa LUKU ninaoulipia kabla unakwisha nauangalia.

Wiki iliyopita alikuja muuzaji kutoka Dar na kipande cha dirisha la vioo viwili vyenye gesi katikati. Akawasha taa ya joto, akaniambia niweke kiganja upande wa pili. Kweli sikuhisi kitu. Bei aliyonipa ni milioni 6 na laki 4 kwa madirisha yote manane, na akaniahidi bili ya umeme itapungua nusu.

Pesa hiyo ninayo, ni ya kiinua mgongo, na nyingine ya namna hiyo haitakuja. Nataka kumtendea mama haki. Aliyewahi kuyaweka hapa Tanga aniambie: yanapunguza joto kweli? Na chumvi hii yanaivumilia?

Kijana_Kange

Shikamoo mama. Kwa nini ujitese na mamilioni? Nunua ile karatasi ya tinti ya kubandika kwenye kioo, nyeusi kabisa, fundi anabandika madirisha yote kwa siku moja. Mimi nimebandika sebuleni na mwanga mkali umekwisha.

FundiBawaba_Ngamiani

Shikamoo mama, pole na joto, na mpe pole bibi yetu. Mimi ni fundi wa madirisha na milango, karakana yangu iko Ngamiani. Alumini nafanya, mbao nafanya, kwa hiyo sina sababu ya kukusukuma upande mmoja. Niruhusu niseme kwa urefu, maana ni kiinua mgongo hicho.

Joto linaingia dirishani kwa njia mbili, na muuzaji amekuonyesha ile ndogo. Ya kwanza ni hewa ya nje kuwa na joto kuliko ya ndani, basi joto linapenya kwenye kioo taratibu. Ya pili ni jua lenyewe kupiga kioo, kupita moja kwa moja na kutua kitandani.

Tuanze na ya kwanza. Mchana wa Februari nje ni kama nyuzi 32. AC ya bibi tuseme umeiweka 25. Tofauti ni nyuzi 7. Dirisha lako lina mita za mraba 1.8. Kioo kimoja cha kawaida kinapitisha wati kama 5.8 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Vioo viwili vya kawaida wati kama 2.8. Zidisha: kioo kimoja wati 73, vioo viwili wati 35. Umeokoa wati 38 za joto. AC ya kawaida inatoa wati tatu za joto kwa kila wati moja ya umeme, kwa hiyo hata ikiwaka saa kumi mfululizo, dirisha hilo limekuokolea kama shilingi 45 kwa siku kwa bei ya uniti shilingi 350 hivi. Na nimehesabu mchana. Usiku, ambapo ndipo wewe unaiwasha, nje nako kunashuka hadi 25 au chini ya hapo, na faida hiyo inakaribia sifuri.

Sasa jua. Saa kumi alasiri, jua la kiangazi linaupiga ukuta wa magharibi kwa nguvu ya wati 600 hivi kwa kila mita ya mraba. Kioo kimoja cheupe kinaingiza zaidi ya asilimia 80 ya hiyo. Dirisha moja tu la bibi linaingiza karibu wati 900. Weka vioo viwili vyeupe visivyo na dawa yoyote ya kuzuia jua: bado zinaingia kama 780. Madirisha ni mawili. Kwa hiyo chumba kile kila alasiri kimewashiwa jiko la umeme la karibu wati 1,800, kwa muda wa saa mbili tatu, halafu jua likizama unaiambia AC izime moto ambao umeshaingia kwenye kuta, godoro na sakafu.

Ukijumlisha njia zote mbili, dirisha la vioo viwili vyeupe haliokoi hata shilingi 100 kwa siku. Kwako dirisha moja ni 800,000. Kwa mwendo huo pesa inarudi baada ya miaka zaidi ya 20, na AC lazima iwe inawaka kila siku ya mwaka.

Ndiyo maana nasema: lizuie jua kabla halijagusa kioo. Nje. Pazia la ndani, hata liwe zito namna gani, ni kumfungia mwizi mlango akiwa ameshakaa sebuleni. Joto limeshapita kioo, linakaa kati ya pazia na dirisha, kisha linatoka kuja chumbani.

Kwa Kijana wa Kange: mdogo wangu, tinti nyeusi inapunguza mwanga, hilo kweli, lakini weusi wake unakunywa joto na kioo chenyewe kinakuwa cha moto, sehemu ya joto hilo inarudi ndani. Ile inayong'aa kama kioo cha kujitazamia ni afadhali kuliko nyeusi, kwa sababu inalirudisha jua nje. Na mama, ukija kununua vioo viwili usije ukakubali mtu akubandikie tinti nyeusi kwa ndani. Kioo cha ndani kinapata joto kuliko cha nje na kinaweza kupasuka.

Sasa dawa ya magharibi. Watu wengi wataenda kumwaga zege wafanye kipaa cha juu ya dirisha. Kwa ukuta wa kaskazini na wa kusini ni jambo jema sana. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, jua linapita utosini mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Juni linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini, lakini adhuhuri halishuki sana. Dirisha la kimo cha mita 1.2 likitazama kaskazini, kipaa cha sentimita 65 kinalifunika lote adhuhuri ya Juni. Likitazama kusini, sentimita 40 zinatosha Desemba. Magharibi ni habari nyingine. Saa kumi na moja jioni jua limeshuka, kipaa cha sentimita 60 kinatoa kivuli cha sentimita 25 hivi juu ya kioo, na kilichobaki chote kinaungua. Hapo unahitaji kitu kinachosimama wima mbele ya dirisha.

Kitu hicho wazee wetu walikuwa nacho. Tazama nyumba za zamani za katikati ya mji, au nenda Pangani: madirisha ya mbao ya kufungua nje, vipande vyembamba vimelazwa kwa kuinama, mvua haingii, jua haliingii, upepo unapita. Sisi tumeyang'oa tukaweka kioo kitupu kinachotazama machweo, halafu tunanunua AC. Mimi jambo hili linaniuma, kwa sababu kila mwezi naletewa michoro ya nyumba mpya, na ukuta wa magharibi ndio umepewa kioo kikubwa kuliko zote.

Ushauri wangu: madirisha mawili ya bibi yawekewe milango ya mbao ya vipande kwa nje. Mengine sita tengeneza, usibadilishe. Inayobaki iende juu, kwenye dari, maana bati lako nalo halimwachi bibi salama.

MdigoOslo

Mama shikamoo. Mimi ni mtoto wa Duga, niko Norwe, na kazi yangu ni hiyohiyo: kung'oa madirisha ya zamani na kuweka mapya. Namuunga mkono fundi, na nieleze kwa nini huku yanalipa.

Usiku wa Januari nje inaweza kuwa hasi 15 na ndani watu wanataka 21. Tofauti ni nyuzi 36, siyo 7. Dirisha la ukubwa wa lako likiwa na kioo kimoja lingepoteza wati zaidi ya 370, usiku na mchana, wiki hadi wiki. Tunaloweka sisi lina vioo vitatu na gesi ya agoni, linapoteza wati hamsini na kidogo. Hapo mtu akibadilisha madirisha ya nyumba nzima anaiona tofauti kwenye bili na anaihisi mgongoni akikaa karibu na dirisha. Kitu kilekile ukikileta Sahare kinakosa kazi ya kufanya.

Jambo la pili ambalo wauzaji hawalisemi: vioo hivi vina utando mwembamba sana wa madini, macho hayauoni, unaorudisha joto. Utando una aina zake. Wa nchi za baridi umetengenezwa uruhusu jua liingie na uzuie joto la chumba lisitoke. Mtu akikuletea huo Tanga amekuletea kinyume cha shida yako. Wa nchi za joto unalizuia jua lenyewe, na huo huwekwa kwenye kioo cha nje, upande wake wa ndani. Kwa hiyo usiulize vioo ni vingapi. Uliza sehemu ya joto la jua inayopita, namba kati ya 0 na 1 ambayo mtengenezaji huiandika kwenye karatasi ya kioo. Kioo cheupe kimoja ni kama 0.8. Kwa magharibi ya Tanga tafuta 0.3 au pungufu. Asipokuwa na karatasi, usimlipe.

Unaweza pia kupima mwenyewe. Washa kiberiti cha gesi mbele ya kioo wakati wa giza. Kwenye vioo viwili utaona mwali huo ukiakisiwa mara nne, yaani miali minne. Ikiwa mmoja una rangi tofauti na mitatu mingine, utando upo, na mpangilio wa miali unakuonyesha uko upande upi. Ikiwa yote minne ni rangi moja, umeuziwa vioo viwili vitupu.

Na ile taa ya joto aliyokuwashia: taa ile inatoa zaidi joto lisiloonekana, na utando unalirudisha vizuri. Jua siyo taa ile. Karibu nusu ya nguvu ya jua inakuja kama mwanga huu tunaouona, na utando wa nchi za baridi unaupitisha. Mwambie arudi saa kumi alasiri, akisimamishe kipande chake kwenye jua la magharibi, kisha uweke kiganja.

Kuhusu chumvi: kioo hakidhuriki. Kinachokufa ni gundi ya pembeni. Ikilegea, unyevu unaingia katikati na kioo kinakuwa na ukungu usiofutika, unabadilisha kioo kizima. Mwambie akupe dhamana ya maandishi ya hilo, na akuonyeshe nani huko Tanzania atakayekitengeneza upya.

BintiRaskazone

Mama mimi sina elimu ya wati, ila sisi tulipanda mti wa mkungu upande wa magharibi na umetukalia vizuri, kivuli chake kipana kinafika ukutani alasiri. Upande mbali na karo, mizizi yake inatembea. Najua mti haukui kwa msimu mmoja, lakini ukipanda masika haya, milango ya mbao itamlinda bibi mpaka mti ufike.

MamaShemsa_Sahare

Marahaba wanangu, Mungu awazidishie. Mwanangu wa Duga, nimempigia muuzaji na kumuomba ile karatasi yenye namba. Amesema atanitafutia. Bado nasubiri.

Fundi, nimekuelewa lakini nina hofu tatu. Mama hapendi chumba cha giza, anasema akifungiwa mchana anajiona mgonjwa. Pili, madirisha yana nondo kwa nje na wavu wa mbu umebanwa kwa ndani, mlango wa mbao utakaa wapi? Tatu, upepo wa bahari ndio tunaoutegemea umeme ukikatika, sitaki kuuziba. Na hayo madirisha sita mabovu unayosema nitengeneze, si yatanisumbua tena mwakani?

FundiBawaba_Ngamiani

Hofu zako zote zina haki mama.

Giza kwanza. Vipande vya mbao vikilazwa kwa kuinama na kuachiwa nafasi, mwanga unaingia ukiwa umevunjwa, unaangaza dari badala ya kumpiga bibi usoni. Atasoma msahafu wake bila taa. Ila vipande vielekee chini kwa upande wa nje na vipishane: ukisimama nje usawa wa dirisha, usione ndani. Ukiona ndani, jua la saa kumi na moja nalo litaona. Asubuhi, jua likiwa upande wa pili wa nyumba, fungua milango wazi kabisa apate anga. Kuifunga ni kuanzia saa nane mpaka machweo tu.

Nondo zisikuhangaishe. Mlango wa mbao unapachikwa juu ya fremu yake inayofungwa ukutani mbele ya nondo, sentimita chache kutoka ukutani, ili hewa ya moto ipande na kutoka kati ya mbao na kioo. Nondo zinabaki, wavu unabaki. Weka na ndoano za kuishikilia ikiwa wazi, maana kusi ikianza kuvuma itaipigapiga ukutani mpaka bawaba zing'oke.

Upepo nafurahi umeutaja, maana ndiyo hasara kubwa ya haya madirisha ya kusukuma na watu hawaioni. Dirisha la kusukuma, hata ulifungue mpaka mwisho, nusu yake imezibwa na nusu nyingine. Umelipia mita 1.8 unapata hewa ya 0.9, na wavu unakula tena humo. Luva zako za zamani zilikuwa zinafunguka karibu zote. Kwa hiyo siku ukibadilisha kweli, badilisha upande wa mashariki, unaopokea hewa ya baharini, na usiweke la kusukuma. Weka la bawaba linalofunguka lote, au rudisha luva kwa fremu nzuri. Chumba cha bibi nacho kikiwa na mlango unaotazamana na dirisha la mashariki, uache wazi. Upepo hauingii mahali usipopata pa kutokea.

Madirisha sita: alumini yenyewe huenda bado ni nzima, ingawa sijaiona. Kinachotangulia kufa baharini mara nyingi ni skurubu za chuma zilizopigwa ndani ya alumini. Chumvi ikiziloanisha zinashika kutu. Ng'oa zote, weka za chuma kisichoshika kutu, ile daraja ya 316 ya matumizi ya baharini. Nunua vigurudumu vya nailoni. Halafu angalia reli ya chini: kuna matundu madogo ya kutolea maji, na mafundi wengi huyaziba kwa silikoni wakidhani wanazuia mvua. Yazibue. Maji ya chumvi yakilala pale ndipo dirisha linapogandia. Baada ya hapo osha fremu na reli kwa maji ya bomba mara kwa mara, hasa miezi ya upepo mkali.

Mbao ningekushauri mtiki wa Longuza, ni jirani yenu huko Muheza na hauogopi mvua wala mchwa kirahisi. Mvule nao ni mzuri ukiupata wa halali wenye risiti. Mpaini uliopakwa dawa ni rahisi, lakini kwa jua la magharibi utapinda. Cha kushika ni ukavu: usipokee mbao mbichi hata fundi akikuapia. Kipande kibichi kikikauka ukutani kinasinyaa, vipande vinatoka kwenye mifereji yake kimoja kimoja. Ziache mbao kivulini, zimepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite, mpaka ukikigonga kipande kinalia kikavu. Kisha zipakwe mafuta pande zote nne kabla hazijapachikwa, maana ukishazifunga ukutani upande wa nyuma hutaufikia tena.

Nitumie vipimo vya upana na kimo vya madirisha mawili ya bibi, vipimwe nje kwenye ukuta, juu, katikati na chini, kwa sababu tofali za zamani haziko sawa. Na unitajie nondo zimechomoza kiasi gani kutoka ukutani.